Je, halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo ya kudhibiti kampeni za udiwani na uenyekiti wa mtaa?

mwana_Iyunga:

Wakuu, habari za jioni. Halmashauri moja ya mji huku kwetu Nyanda za Juu Kusini imesambaza rasimu ya sheria ndogo ya "udhibiti wa kampeni za uchaguzi" na inaomba maoni ya wananchi kwa maandishi. Itatumika kwenye chaguzi ndogo za udiwani na kwenye uchaguzi wa mitaa. Vipengele vinavyonitatiza ni hivi:

(1) Mgombea alipe halmashauri sh. 50,000 kwa kila mkutano wa kampeni.
(2) Aombe kibali cha Mkurugenzi siku 7 kabla ya mkutano.
(3) Gari la matangazo lisipige spika ndani ya mita 200 kutoka soko, shule, hospitali, kanisa au msikiti.
(4) Bango la mgombea lisizidi ukubwa wa A2, na kila mgombea aweke dhamana ya sh. 100,000 ya kuondolea mabango.
(5) Matumizi ya kampeni yasizidi sh. 3,000,000 kwa mgombea wa udiwani.

Wanaoitetea wanasema miji ya Marekani inajiwekea vikomo vyake vya fedha za kampeni, kwa nini sisi tusiweze. Mamlaka ya halmashauri yanaishia wapi? Kipi kipingwe moja kwa moja, kipi kinarekebishika? Naomba hoja ambazo mwanasheria wa halmashauri hawezi kuziruka.

---

Karani wa Sae:

Ndugu yangu, tenganisha kwanza chaguzi mbili. Rasimu imezichanganya, na kosa kubwa limeanzia hapo.

Uchaguzi wa diwani ni wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (Tume). Katiba, ibara ya 74(6), inaitaja wazi kazi ya kusimamia uandikishaji wa wapiga kura na uendeshaji wa uchaguzi wa madiwani Tanzania Bara. Sheria inayoongoza sasa ni Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya 2024, iliyofuta Sheria ya Taifa ya Uchaguzi (Sura 343) pamoja na Sheria ya Uchaguzi wa Serikali za Mitaa (Sura 292). Soma utangulizi wa rasimu yenu. Ukikuta Sura 292 imetajwa kama msingi wa mamlaka, wameegemea sheria iliyokwisha kufutwa, na hiyo peke yake ni hoja ya kwanza ya maoni yenu.

Uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake unaendeshwa kwa kanuni za Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, chini ya Sura 288 kwa mamlaka za miji na Sura 287 kwa wilaya. Sheria ya Tume, Na. 2 ya 2024, inazungumzia Tume kusimamia pia chaguzi za vijiji, vitongoji na mitaa, lakini kwa utaratibu utakaowekwa na sheria ya Bunge. Uchaguzi wa mitaa wa 27 Novemba 2024 uliendeshwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya Waziri huyo, kwa kanuni zake.

Kwa hiyo ukitazama upande wowote, baraza la madiwani halimo kwenye mnyororo. Na ni haki lisiwemo. Diwani aliyeko madarakani ni mgombea mtarajiwa, au chama chake kina mgombea. Kumpa yeye kalamu ya kuandika masharti ya mpinzani wake ni jambo ambalo sheria imelikwepa kwa makusudi.

Mtego uko kwa Mkurugenzi. Kwenye uchaguzi wa mtaa yeye ndiye Msimamizi wa Uchaguzi, na kwenye udiwani Tume huweza kuteua mtumishi mwandamizi wa umma kushika kazi hiyo, akiwemo yeye. Mtu ni mmoja ila kofia ni mbili. Barua ikija, tazama mambo matatu: kichwa cha barua kinasema "Mkurugenzi" au "Msimamizi wa Uchaguzi", sheria gani imetajwa ndani yake, na nakala imeenda kwa nani. Agizo la kampeni lililosainiwa kwa kofia ya Mkurugenzi, likitaja sheria ndogo za halmashauri tu, halina mguu wa kusimamia. Agizo hilohilo likisainiwa na Msimamizi kwa kanuni za uchaguzi, mambo ni mengine kabisa: hapo mnalipinga kwa njia za uchaguzi, hamlipuuzi.

Sasa vipengele. Kipimo kinachofaa kwa kila kimoja ni swali hili: je, sharti hili lingemhusu pia mhubiri wa mkutano wa injili, mwenye sherehe, au kampuni ya simu inayofanya promosheni pale Kabwe, Mbeya? Likiwahusu wote sawa, kuna uwezekano halmashauri iko ndani ya mipaka yake ya usafi, usalama na matumizi ya mali yake. Likimhusu mgombea peke yake kwa sababu ni mgombea, halmashauri imevuka.

Kwa kipimo hicho, (1), (2) na (5) vinaanguka. (4) nusu inaanguka. (3) inategemea ilivyoandikwa.

Kuhusu (2), angalia kalenda. Kampeni za mitaa za 2024 zilikuwa siku 7 tu, 20 hadi 26 Novemba, na uteuzi wa wagombea ulikuwa 8 Novemba. Kibali cha siku 7 kabla ya kila mkutano maana yake ni kwamba maombi ya mikutano yote yawe mezani kabla kampeni hazijafunguliwa, na mkutano ukihamishwa kwa sababu ya mvua (Novemba huku mvua zimeshaanza) hakuna muda wa kuomba upya. Sheria ndogo ya namna hiyo inafuta kampeni kwa mlango wa nyuma, kusema kweli.

Utaratibu halali wa udiwani ni ratiba. Vyama hupeleka mapendekezo ya mikutano kwa Msimamizi, wanakaa kikao cha kuratibu ili wawili wasigongane kiwanja kimoja, kisha ratiba iliyokubaliwa inakwenda polisi. Nje ya kampeni, mkutano wa hadhara unahitaji *taarifa* kwa polisi saa 48 kabla, kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura 322. Hakuna mahali Mkurugenzi, kwa kofia ya halmashauri, anapotoa kibali cha kampeni.

---

Wakili wa Nyanda:

Naongezea upande wa uhalali wa sheria ndogo yenyewe.

Sheria ndogo ni mtoto wa sheria mama. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinasema sheria ndogo isipingane na sheria iliyoizaa wala na sheria nyingine ya Bunge, na kila inapopingana inakuwa batili kwa kiasi hicho. Kipengele cha (5) ndiyo mfano safi. Gharama za kampeni zina sheria yake: Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Na. 6 ya 2010. Viwango vya juu huwekwa na Waziri, msimamizi ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Halmashauri ikiandika kikomo kingine, mgombea atakuwa na vikomo viwili vinavyogombana, na cha halmashauri ndicho kinachokufa.

Kipengele cha (1) pigia mstari mara mbili. Chanzo cha mapato cha halmashauri lazima kiwe na mzizi kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Ada ya kutumia kiwanja au ukumbi wa halmashauri ina mzizi, kwa sababu ni malipo ya huduma. Ada ya *kufanya kampeni* haina. Mkutano ukifanyika kwenye uwanja wa mtu binafsi au wa chama, halmashauri inalipwa kwa huduma gani? Uwanja wa Sokoine pale Mbeya, kwa mfano, si wa Jiji. Ni wa CCM.

Linganisha pia na dhamana ya kisheria. Mgombea udiwani huweka dhamana ya sh. 5,000 kwenye uteuzi. Bunge limeona hicho ndicho kizuizi kinachotosha. Halmashauri kumdai dhamana ya mabango ya sh. 100,000 ni kumwekea mlima mara 20 ya ule uliowekwa na Bunge, na mikutano 20 kwa 50,000 ni milioni nzima juu yake. Andikeni hesabu hiyo kwenye maoni kama ilivyo. Tarakimu zinasomwa haraka kuliko aya za ibara ya 18, 20 na 21 za Katiba, ingawa ibara hizo nazo zitajeni.

Njia ya rasimu hadi kuwa sheria: kamati ya kudumu ya halmashauri, baraza, tangazo la kukaribisha maoni, ofisi ya mkoa, Waziri wa TAMISEMI kuidhinisha, kisha Gazeti la Serikali. Bila kuidhinishwa na kutangazwa, haina nguvu. Mtu akija kudai ada, mwombeni namba ya Tangazo la Serikali na namba ya kumbukumbu ya malipo. Asipokuwa navyo, msimpe fedha mkononi.

Tahadhari moja kwa wanaonukuu vifungu: Toleo la Marekebisho la Sheria la 2023 limeanza kutumika 1 Julai 2025, na baadhi ya namba za vifungu zimehama. Hakikisheni kila namba kwenye toleo jipya kabla ya kusaini, zikiwemo hizi nilizotaja mimi. Mwanasheria wa halmashauri akikuta namba moja imekosewa ataanza nayo na kuacha hoja.

---

Kihesa Kilolo:

Kamwene wote. Nimekubaliana na Karani karibu kila mahali, ila nadhani (3) anaipitisha kirahisi mno.

Chora duara la mita 200 kuzunguka kitu kimoja. Eneo lake ni kama hekta 12 na nusu. Sasa weka duara hilo kila penye soko, shule, zahanati, kanisa na msikiti kwenye mji wowote wa huku. Kati ya Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati, au hapa Iringa kati ya Mlandege na Miyomboni, maduara yanapandana mpaka barabara zote za katikati zinafunikwa. Kwenye karatasi sharti linawahusu watu wote. Barabarani linafuta gari la matangazo kabisa, na mgombea wa mtaa asiye na fedha za redio hana chombo kingine cha kufikia watu kwa siku saba. Mahakama inatazama pia kama kizuizi kimezidi mahitaji, si kama kimeandikwa kwa usawa tu.

Kinachorekebishika ni hiki: umbali upunguzwe na ufungwe kwa shughuli, sio kwa jengo. Shule, wakati wa vipindi na mitihani. Nyumba ya ibada, wakati ibada inaendelea. Hospitali na kituo cha afya, wakati wote. Soko litolewe kabisa. Hakuna sababu ya utulivu sokoni. Saa za mwisho za spika ziachieni kanuni za uchaguzi, ambazo tayari zinaweka kampeni kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 12:00 jioni. Halmashauri ikiandika saa 10:00 jioni imegongana na kanuni, na tumesharudi kwenye kifungu cha 36.

---

Karani wa Sae:

Kihesa, hoja ya kufunga kwa shughuli naikubali. Kwa soko bado nina shaka. Ndani ya soko la paa, spika mbili zikikutana mteja na muuzaji hawasikiani, na zipo siku za gulio watu wamebanana njiani. Ningesema gari lisisimame kwenye lango la soko, lipite tu.

---

mwana_Iyunga:

Ndaga sana wakuu. Swali la nyongeza kuhusu mabango. Watendaji wa mitaa wanaagiza mgambo wabandue mabango ya wagombea kwenye nguzo na ukuta wa ofisi, wanasema ni uchafu. Na hiyo dhamana ya (4) inarekebishikaje?

---

Kihesa Kilolo:

Hapa wengi wanapotea, maana wanadhani kila kilichoko mjini ni cha halmashauri. Jiulize kwanza bango limekaa kwenye mali ya nani.

Barabara kuu ya kwenda Tunduma, ile inayokatiza Mbeya kutoka Uyole hadi Iyunga na kuendelea, ni ya TANROADS pamoja na hifadhi yake. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Bango ndani ya hapo ni suala la Sheria ya Barabara, Na. 13 ya 2007, na mwenye sauti ni TANROADS. Kipande cha Nsalaga hadi Ifisi kinachopanuliwa kuwa njia nne ndiyo usiguse kabisa. Bango litaondoka na greda, na hakuna wa kumdai. Barabara za mitaani, TARURA. Nguzo za umeme, TANESCO, na kupanda nguzo yenye transfoma kubandika karatasi ni kuhatarisha maisha. Ukuta wa nyumba ya mtu, mwenye nyumba, kwa ruhusa yake; chukueni ruhusa hiyo kwa maandishi mafupi yenye saini. Linalobaki kwa halmashauri ni majengo yake, masoko, stendi, viwanja vya wazi na mitaro.

Kwenye mali yake halmashauri inaweza kukataza mabango. Inachokosa ni ruhusa ya kuchagua. Ikibandua la mgombea mmoja na kuacha la mwingine, au ikaacha la tamasha na kubandua la uchaguzi, imeingia kwenye upendeleo. Kubandua bango la mgombea kwenye mahali halali ni ukiukaji wa maadili ya uchaguzi hata kama aliyefanya ni mgambo aliyetumwa.

Namna inayotakiwa: Mtendaji anapiga picha bango na mahali lilipo, anaandikia ofisi ya chama ya kata akitoa muda maalumu wa kuliondoa, nakala kwa Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi wa kata. Muda ukiisha, linaondolewa bila kuchanwa na linahifadhiwa ofisini. Mkikuta yamechanwa, peleka malalamiko kwa kamati ya maadili ya ngazi husika mara moja, na picha zenye tarehe. Malalamiko ya kampeni yakicheleweshwa hadi baada ya kura hayana faida kwa mgombea.

Dhamana ya (4) ifutwe, nafasi yake iwekwe kifungu cha namna hii, ambacho kinapita kwenye kile kipimo cha mhubiri na kampuni ya simu:

"Mtu yeyote aliyeweka bango la muda la tukio, mkutano, tangazo au sherehe kwenye mali ya Halmashauri ataliondoa ndani ya siku 14 baada ya tukio kumalizika. Asipofanya hivyo, Halmashauri italiondoa na kumdai gharama halisi ya kuondoa."

"Gharama halisi" ndiyo maneno muhimu. Yanailazimisha halmashauri kuonyesha vibarua wangapi, siku ngapi, gari gani. Ukubwa wa A2 nao ufutwe. Linalohusu ukubwa ni usalama tu: bango lenye fremu ya chuma na nguzo zilizochimbiwa lipate kibali cha ujenzi kama bango lolote la biashara, kwa sababu upepo wa huku ukiling'oa linaangukia watu.

---

Mshauri_Makambako:

Nijibu hoja ya Marekani, kwa kuwa inatumika vibaya.

Ni kweli baadhi ya miji ya huko inaweka kanuni zake za fedha za kampeni. San Francisco ina kikomo cha dola 500 kwa mchangiaji mmoja kwa mgombea. New York inaongezea michango midogo ya wakazi kwa fedha za mji, hadi dola 8 kwa kila dola 1. Lakini mamlaka hayo yametoka kwenye katiba na sheria za majimbo, zinazoipa miji uwezo wa kuwa na hati zake za kujitawala. Los Angeles haikujitungia mamlaka. Katiba ya California ndiyo iliyoruhusu miji yenye hati iamue mambo ya chaguzi zake. Halmashauri zetu hazina hati ya namna hiyo. Ibara ya 145 na 146 za Katiba yetu zinaziweka, na Bunge ndilo linalozipimia madaraka.

Na hata wenye hati wamezuiwa. Kikomo cha *michango* kinaweza kusimama, kikomo cha *matumizi* hakisimami: Mahakama ya Juu ya Marekani ilitenganisha viwili hivyo mwaka 1976 katika shauri la Buckley v. Valeo. Cincinnati ilijaribu kuweka kikomo cha matumizi kwa wagombea wa baraza la mji, kikatenguliwa na mahakama ya rufani mwaka 1998. Albuquerque nayo ikashindwa mwaka 2004. Kwa hiyo kipengele chenu cha (5), kwa mfano huohuo wanaoutoa, kingekufa huko pia.

Kwenye mabango, mji wa Gilbert, Arizona, uliweka ukubwa na muda tofauti kwa mabango ya siasa, ya mitazamo na ya kuelekeza watu kwenye ibada. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliufuta utaratibu huo kwa kauli moja, kwa sababu ilibidi usome bango kwanza ndipo ujue sharti lipi linalihusu. Sheria yao haitufungi sisi, ila wanaoitaja waitaje yote.

---

mwana_Iyunga:

Imeeleweka vizuri. Maoni yapelekwe wapi hasa, na yakipuuzwa?

---

Wakili wa Nyanda:

Peleka kwa Mkurugenzi nakala mbili, moja ibaki kwako na muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Nakala nyingine kwa Katibu Tawala wa Mkoa, maana rasimu itapitia huko kabla ya kwenda Dodoma. Panga hoja kwa kipengele, kila kimoja kiwe na sheria inayogongana nayo na maneno mbadala mnayopendekeza. Maoni ya "tunapinga yote" yanawekwa kando.

Ikitangazwa hivyohivyo, milango ni miwili. Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo huchambua sheria ndogo zinazowasilishwa bungeni na inaweza kuelekeza zirekebishwe. Iandikieni kupitia Katibu wa Bunge au mbunge wenu. Wa pili ni Mahakama Kuu, kwenu ni Kanda ya Mbeya au Iringa, kwa njia ya mapitio ya mahakama. Kwanza mnaomba kibali cha kufungua, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi mnaoupinga. Kibali kikitoka, maombi yenyewe yawe mahakamani ndani ya siku 14. Wengi hupoteza shauri kwenye hizo siku 14, kwa hiyo hati ya maombi iwe imeandikwa tayari kabla ya kusikilizwa ombi la kibali. Anayefungua awe mtu aliyeguswa: mgombea aliyedaiwa ada, au chama kilichonyimwa kiwanja, mwenye stakabadhi au barua ya kukataliwa.